Mahari ya Binti Yangu Hailipi Ada

Mhariri, lifiche jina langu na uyabadili majina ya wote ninaowataja, maana huku Ifakara gazeti moja husomwa na mtaa mzima.

Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na saba, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nimefiwa na mke. Nilizaliwa ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga. Mafuriko yalipobomoa kijiji chetu, nilivuka na mke wangu na vitabu vilivyosalimika, nikapewa kiwanja Katindiuka. Nimeishi hapa zaidi ya nusu ya umri wangu, na bado nikitazama ng'ambo najikuta natafuta paa la nyumba ambayo haipo tena.

Nina binti mmoja, nimwite Skola. Alipochaguliwa kwenda chuo cha uuguzi, serikali ilikuwa imeshatangaza kwamba wazazi nao wachangie gharama za masomo. Pensheni ya mwalimu mnaijua. Ndipo jumuiya yetu ya kanisani, yaani sisi wa kaya jirani tunaosali pamoja kila wiki, ikakutana kwangu. Mwenyekiti wetu, Mzee Linus, akasema, "Mwalimu, huyu ni mtoto wetu sote. Kila nyumba itenge kipande cha mpunga kwa ajili yake. Tunamkopesha. Akianza kazi atarudisha, na mwingine asome." Nikakubali, wanawake wakapiga vigelegele. Miaka yote ya masomo yake kila shamba lilikuwa na kona iliyoitwa kona ya Skola. Ndege wakishuka pale, watoto waligonga madebe wakipiga kelele, "Mwacheni nesi wetu!"

Akamaliza. Wenzake walihangaikia nafasi za Dar es Salaam, yeye akaomba zahanati ya huku huku bondeni, mahali ambapo masika barabara hupotea na wagonjwa huletwa kwa mtumbwi. Nilipomuuliza sababu akanijibu, "Baba, wale akina mama walionipalilia mpunga, nani atawazalisha?" Mshahara ulichelewa mara nyingi. Ulipofika, alipunguza deni kwa kadiri alivyoweza.

Mwaka huu akapata mchumba, fundi baiskeli wa Lipangalala, kijana mwenye adabu. Wajumbe wao wakaja na jembe jipya la posa, kanga za shangazi, na bahasha. Kwa kuwa jumuiya ilimsomesha, niliwaalika wanajumuiya wakae upande wa wazazi. Bahasha haijafunguliwa, Mzee Linus akakohoa na kunyoosha mkono.

"Hiyo ipite huku kwanza, Mwalimu. Beno wangu amefaulu kwenda sekondari na ada sina. Deni la Skola bado lipo."

"Mzee Linus, hii ni mahari."

"Najua. Na ule ulikuwa mpunga."

Watu wakacheka. Mshenga akainamia mkeka kama aliyeona sisimizi.

Nikasema, "Mmekaa hapo kama wazazi. Mzazi gani anamdai mtoto ada siku ya posa yake?"

Mke wa Linus, Mama Beno, akadakia, "Mzazi mwenye mtoto mwingine nyumbani! Wako amesoma, wetu akalime?"

Neno hilo lilinichoma kwa sababu lina ukweli. Lakini sikunyamaza. Nikamuuliza nani alimzalisha alipojifungua kitindamimba wake, mvua inanyesha, kule zahanati.

"Skola," akasema.

"Alikulipisha?"

"Hakunilipisha. Kwa hiyo yeye asilipe, mimi nishukuru?"

Mzee Linus akasimama. "Tulikupokea hapa umelowa, Mwalimu, na maboksi yako ya vitabu. Leo unatugeuka?"

Nikaichukua bahasha, nikamrudishia mshenga mikononi. Nikapokea jembe peke yake. Mshenga akashangaa. "Mzee wangu, tunakuheshimu, ila jembe tupu si ndoa. Kwetu watasema binti tumemwokota." Kabla sijajibu, sauti ya Skola ikatoka chumbani: "Baba, wape tu. Nimechoka kuitwa deni."

Kwa sababu ya kauli hiyo hiyo nilizidi kukataa.

Sasa matangazo ya ndoa yamesimama kanisani. Mwanangu amerudi zahanati bila kuniaga. Mchumba wake ananisalimia, "Shikamoo baba," kisha anainamia baiskeli anayoitengeneza. Jumapili watu wa jumuiya hunipisha kwenye benchi kana kwamba nina upele.

Wananiambia mkopo ni mkopo. Ningekopa sukari dukani ningelipa, maana sukari nimeinywa mimi. Elimu ya Skola nani ameinywa peke yake? Hao hao wanaodai ndio wanaopanga foleni mlangoni kwake. Mtoto wa maskini akisoma, bonde zima linapona, kisha ankara anapewa yeye mwenyewe, aingie nayo hata kwenye ndoa yake! Naikataa hesabu hiyo, iwe ya jumuiya, iwe ya serikali. Deni lake lifutwe. Beno naye asome, na kila nyumba itenge tena kipande kama zamani, ila safari hii tusimwite mdaiwa.

Na sisemi kwa mdomo tu. Jembe la posa limeshaingia kazini. Nimelima nalo kona bora ya shamba langu, ile iliyo karibu na maji, na mavuno yake ni ya Beno. Mzee Linus alipita akaniona nimeinama. Hakunisalimia, lakini alisimama ukingoni akanitazama mpaka nikamaliza mstari.

Basi wasomaji, nishaurini. Nimfikisheje binti yangu altareni akiwa hana aibu wala deni? Nitasoma kila barua kwa makini. Ila kama unataka kuniambia niipokee ile bahasha na kuipitisha kwa Mzee Linus, usipoteze stempu yako.