Masizi ya Jiwe

Kosa langu lilikuwa kusugua. Mpaka leo, harufu ya majivu na mchanga mbichi, wanawake wanapoosha sufuria ufukweni Ujiji, hunikumbusha jiwe la dada yangu.

Dada yangu aliokota jiwe bapa pale majirani walipochimba choo. Juu yake palikuwa na weusi mwembamba, umbo la mnyoo mwenye miguu mingi. Akamweleza mwalimu kwamba amepata mnyama wa kale ndani ya jiwe, akaitwa mwongo mbele ya darasa. Akaahidi kulipeleka kesho yake wajionee.

Mimi nilikuwa mtoto wa kusifiwa kwa sufuria zinazong'aa. Nikataka aende na jiwe safi. Nililisugua kwa majivu hadi likatakata.

"Umelifanya nini?" aliniuliza.

"Nimetoa masizi, dada."

"Hayo masizi ndiyo mnyama mwenyewe."

Mama akacheka. "Jiwe si hilo hapo? Mnagombania uchafu?"

Dada hakunipiga. Alikwenda shule mikono mitupu, akarudi wenzake wakimwita Profesa Mawe.

Ukubwani nimejisomea kwenye simu. Mnyama asiye na mfupa huoza akapotea kabisa. Mara chache sana tope humfunika upesi, akabaki doa tu, na katika doa hilo wataalamu huona miguu, utumbo, hata macho ya wanyama wa mwanzo kabisa.

Siku hizi dada anauza vitenge sokoni Mwanga na hataki kusikia habari za mawe. Mimi ndiye ninayeyasoma.