Mwenye Shamba la Mwisho

Unguja hakuna mbweha. Tuna ngawa, anayeiba kuku usiku na kuacha harufu yake mpaka mchana. Tuna nguchiro. Na kule mashamba tuna nguruwe mwitu wanaofukua mihogo ya watu. Nguruwe hao ndio walionifundisha yote niliyoyajua kuhusu kumsaka mnyama, na hayo niliyoyajua ndiyo yaliyoniponza.

Siku ya msako watu wa kijiji hujipanga mstari, wakaenda wakigonga madebe na kupiga makelele, nguruwe wakakimbilia upande wa pili, na huko wasasi wenye mikuki na mbwa wamekaa kimya wakiwangoja. Wagonga madebe hawaoni mauaji. Wanasikia tu kelele zimekwisha, wanajua kazi imefanyika, wanarudi majumbani mwao. Na kwa kuwa Waislamu hatuli nguruwe, hakuna anayerudi na nyama, wala hakuna anayeuliza mzoga uko wapi.

Nimeanza na hayo kwa sababu kila nikisimulia kisa hiki huulizwa kama nilikuwa kipofu. Sikuwa kipofu. Nilikuwa mtu wa Unguja.

Tulishuka Maskati mwaka wa sitini na nne, mimi na mama yangu na masanduku mawili. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimeshaolewa na nimeshaachika, na baba alikuwa amekwisha kufa. Tukachukuliwa mpaka Al Khoudh, kwa ami yangu, ndugu yake baba. Leo ukitaja Al Khoudh watu wanafikiria chuo kikuu na majumba ya ghorofa. Wakati ule ilikuwa mitende, mawe ya wadi, lile bonde la mto mkavu, na nyumba za udongo. Mama alizaliwa huko huko; aliolewa akapelekwa Unguja akiwa msichana, na sasa alirudi na mvi zake.

Ami alikuwa mtu wa maneno matamu. Aliwahi kukaa Unguja miaka minane dukani kwa baba, na Kiswahili chake kilikuwa kama chetu. Katika nyumba yake tulilala stoo, baina ya magunia ya tende, na kazi yangu ilikuwa kuosha masahani ya watu kumi na saba, asubuhi, mchana na jioni. Wake za binamu zangu walikuwa wakiniita kwa kupiga makofi. Mgeni hana sauti. Lakini moyoni nilikuwa nikichemka.

Baba alikuwa ameacha shamba pale, na ami ndiye aliyelishughulikia miaka yote. Siku moja, mbele ya wazee na kahawa, akasema hili ni la mtoto wa ndugu yangu, nalirudisha kwake. Watu wakamwombea dua. Mimi nililia mpaka mtandio ukalowa. Lilikuwa shamba la mwisho kabisa, pale mfereji wa falaji unapokwisha maji yake, mitende thelathini na kitu, milimau miwili, na ukuta wa mawe unaonifika kifuani. Nje ya ukuta ilikuwa wadi tupu, na ng'ambo ya wadi vilima. Tukajenga kibanda cha makuti tukahamia. Bangili zangu mbili za dhahabu nilizipeleka soko la Matrah zikageuka mbuzi majike watano na kuku.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Mbuzi wale wakizaa na wana wao wakaishi, mimi na mama tuna kwetu. Wakifa, narudi kuosha masahani kwa ami mpaka siku ya kufa kwangu. Sikuwa na njia ya tatu.

Mbweha nilianza kuwasikia kabla sijawaona, wanabweka kwa sauti kavu, kama mtu anayekohoa. Watu wa pale waliwachukia kwa sababu mbili. Wanakula watoto wa mbuzi wanapozaliwa, na wanakula mayai ya kwale. Wanaume wa Al Khoudh waliwapenda kwale kuliko kuku. Wakati wa baridi walikwenda juu ya wadi kuwapiga kwa bunduki, na ami alikuwa wa kwanza. Kwa hiyo baridi ikimalizika, kwale wanapoanza kutaga chini ya mawe na mbuzi wanapoanza kuzaa, kila Alhamisi baada ya alasiri watu walikuwa wakitoka kuwafukuza mbweha. Walianzia juu kabisa ya wadi wakateremka, shamba baada ya shamba, wanagonga madebe, mpaka chini.

Ami alikuja mwenyewe kunialika.

"Ami, ni kama kusaka nguruwe kule kwetu?" nikamuuliza.

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Ehe, mwanangu. Kama vile vile. Wewe chukua debe lako utembee na wanawake wenzio. Watu wakuone, wakuzowee. Usijifungie ndani kama mgeni."

Nilifurahi, sitaki kusema uongo. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa pale kuniambia nisiwe mgeni. Nikatafuta debe la mafuta ya taa lililo tupu, nikalifunga kamba, nikalivaa shingoni. Mama alikuwa mlangoni, ananitazama ninavyotoka, na hakusema kitu.

Nilipenda ile misako. Wanawake walikuwa upande wa kushoto, wanacheka, wanasemana, na mimi Kiarabu changu cha kuokoteza nikakifanyia mazoezi mle mle. Niligonga debe mpaka mikono ikavimba. Tukifika karibu na shamba langu, ami hupiga bunduki mara moja, watu husema alhamdulillah, na kila mmoja hushika njia yake. Mimi nilijua kwa yakini kwamba kule chini wadini kuna wanaume wamejificha, na kazi wameimaliza. Mzoga sikuuona, na sikuutafuta. Nani anakula mbweha?

Ijumaa ya kwanza alfajiri nilikuta mtoto wa mbuzi mmoja hayupo, na damu kidogo kwenye tundu la ukuta linalotolea maji. Ijumaa ya pili, manyoya ya kuku watatu. Nikaziba tundu kwa mawe, wakapita juu. Nikaweka miiba juu, wakachimba chini. Nililala na mbuzi, panga mkononi, nikapitiwa na usingizi kidogo tu, na katika kidogo hicho akaenda mwingine.

Nilimwendea ami. "Mbona kila mara ni Ijumaa? Mbona baada ya msako?"

Akafikiri kidogo, uso umejaa huruma. "Wale wanaosalimika wana njaa na hasira, mwanangu. Ndiyo maana lazima tuzidi kuwasaka."

Ikaniingia akilini. Alhamisi iliyofuata niligonga debe kwa nguvu zaidi.

Kila nilipopata hasara alikuja kunipa pole. Alikaa nami juu ya mkeka, anatikisa kichwa, anamtaja baba, na mara moja aliniletea paja zima la mbuzi wake aliyechinjwa. Mengine yote nimeweza kuyameza. Zile pole zake mpaka leo zimenikwama kooni.

Misimu miwili ikapita hivyo. Msimu wa pili walizaliwa watoto saba wa mbuzi na akabaki mmoja, kiwete. Kuku walikwisha. Majike nikawauza mmoja mmoja ili tule. Mama akawa anasema kila jioni, "Turudi tu kwa watu, mwanangu. Huku si kwa wanawake wawili." Nilibisha mpaka nikachoka kubisha. Mwisho nikaenda kwa ami kumrudishia shamba, na hapo ndipo alipoonyesha ustadi wake, kwa sababu alijifanya halitaki. Alikataa. Alisema hawezi kupokea mali ya marehemu ndugu yake. Mimi ndiye niliyembembeleza alichukue, mbele ya wazee wale wale, na wazee wakamwombea dua nyingine. Tukarudi stoo kwenye magunia ya tende.

Msimu wa tatu nilikwenda tena kwenye msako. Sikuwa na mbuzi, lakini nilikuwa na chuki na mbweha, na kutoka kwenye ile nyumba kwa saa mbili ilikuwa afueni. Tukateremka kama kawaida. Tulipokaribia lililokuwa shamba langu nikaona moshi. Juu ya ukuta alisimama mtoto mkubwa wa ami, anagonga sinia, na kando ya ukuta mzima makuti makavu yalikuwa yakiwaka, mafungu matatu. Mbweha wawili, rangi ya mchanga, masikio makubwa, walitoka mbele yetu mbio, wakaufikia moto, wakageuka, wakakata wadi na kupanda vilima vya ng'ambo. Ami akapiga bunduki yake hewani. Alhamdulillah. Watu wakaanza kuondoka.

Nilikuwa karibu na jirani yetu mmoja, mama wa makamo, niliyekuwa nikitembea naye tangu mwaka wa kwanza. Nikamuuliza kwa Kiarabu, wako wapi wanaume wanaongoja wadini na bunduki?

Hakunielewa. "Wanaume gani? Mbweha hawauawi. Wanafukuzwa wavuke, wakae huko mlimani."

"Na yule anafanya nini ukutani?"

"Yule ndiye mwenye shamba la mwisho. Mwenye shamba la mwisho hatembei na watu. Anabaki kwake na moto awageuze mbweha, la sivyo wataingia kwake wote. Ndivyo tulivyokuta, na wazee wetu ndivyo walivyokuta."

Nikakaa juu ya jiwe. Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia, misimu miwili, wananiona natembea nao.

Akatazama chini. "Tulimuuliza ami yako. Akasema umeweka mtu ukutani, na misimu ile bunduki aliipiga mapema, kabla hatujauona ukuta."

Yaani mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nilikuwa nikiwaswaga mbweha wa wadi nzima niwatie nyumbani kwangu, halafu nikenda kulala. Nilitamani ardhi inimeze.

Ami nilimkuta barazani, anaisafisha bunduki kwa kitambaa na mafuta ya nazi. Nilisimama mbele yake bila ya salamu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani mwangu.

"Ulinambia ni kama kusaka nguruwe."

Hakuinua uso. "Wewe ndiye uliyesema. Mimi nlisema ehe."

"Umenidhulumu, ami."

"Shamba umelileta mwenyewe hapa, kwa mkono wako, na mashahidi wapo." Akapuliza vumbi kwenye mtutu. "Nenda kamsaidie mama yako, jua linakuchwa."

Mama alikuwa stoo, anachagua mchele kwenye sinia. Nilimweleza yote huku ninalia na kumlaani yule mzee, namwambia tumefanywa wajinga, tumechezewa shere na damu yetu wenyewe. Yeye vidole vyake vilikuwa vikienda tu, anatoa changarawe, anaiweka kando. Hakushangaa. Hapo ndipo nilipokumbuka. Mtu huyu amezaliwa hapa, amekulia hapa, na msako huu ni wa tangu wazee wao.

"Mama, wewe ulijua."

Akaweka sinia chini.

"Nlijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza ulipotoka na debe lako."

Akaendelea mwenyewe, polepole, wala hakuwa analia. "Kule shambani tulikuwa wawili tu, mwanangu. Usiku nikisema neno, hakuna wa kunijibu ila wewe, na wewe umelala umechoka. Mimi mtu mzima. Hapa nna shemeji zangu, nna watoto wao. Hapa nna watu wa kunizika."

"Na mimi?"

"Wewe nlijua hutokosa pa kula."

Sikumgombeza. Ningemwambia nini mama yangu? Nilitoka, nikakunja mikono ya nguo yangu, na masahani yalikuwa yananingoja. Ami sikumsamehe, na sikuona haya kutomsamehe. Mama nilimwogesha, nilimlisha, nilimkanda miguu, na sikuwahi kulitaja tena jambo lile mbele yake, mpaka alipofariki mwanzoni mwa mwaka wa sabini. Watu wa kumzika walikuja wengi sana, barazani hapakuwa na pa kukanyaga, kama alivyotaka. Mimi sikuwaona. Nilikuwa jikoni, nawapikia.