Tanzia Tuliyomficha Nyanya

Juzi, darasani kwangu Kakuyuni, msichana wa kidato cha tatu alinyoosha mkono akauliza kwa nini kila tamthilia ya tanzia tunayowasomesha lazima watu wafe. "Mwalimu, kwani huku nyumbani hatuna misiba ya kutosha?" Wenzake wakacheka. Nikawapa jawabu la mtihani: tanzia humtakasa mtazamaji, humwonyesha matokeo ya kiburi, humkuza kimaadili. Wakaandika. Niliwatazama wakiandika upuuzi ule kwa mwandiko mzuri, nikapandwa na hasira ambazo sikujua nimpe nani.

Jawabu langu mimi ni hili, na halifai mtihani.

Nilipokuwa kidato hicho hicho mjini Malindi, mama yangu alikuwa Uarabuni akifanya kazi katika nyumba ya watu. Mimi nililelewa na nyanya, mamake mama, katika nyumba yake ya mji wa zamani, na tulilala kitanda kimoja. Mama alipiga simu kila Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri. Nyanya alikuwa akivaa kanga safi kuipokea simu hiyo, ingawa ilikuwa simu ya kubonyeza na hakuna aliyeweza kumwona.

Ijumaa moja simu haikulia. Siku chache baadaye mjomba wangu, kakake mama, aliniita kwake Muyeye akafunga mlango. Mama alikuwa ameanguka katika nyumba ile ya kazi, akafa, na alikuwa ameshazikwa huko huko. Hayo ndiyo yote aliyoelezwa. Kabla sijafungua mdomo, alinishika mabega.

"Presha ya nyanyako waijua. Daktari kasema asipewe habari ya kumshtua. Ukilia mbele yake, tutafiwa na wawili. Wanisikia?"

Nilimsikia. Nilirudi nyumbani, nikampa nyanya shikamoo, nikamsaidia kukuna nazi.

Kumficha mtu msiba si jambo geni kwetu. Aliyefiwa akiwa mbali huambiwa arudi, fulani hajiwezi. Husogezwa taratibu, na akifika akaona majamvi yametandikwa, anajua mwenyewe. Ni huruma, na kwa siku moja inafaa. Sisi tuliivuta huruma hiyo miezi. Hitima ya mama ilisomwa Muyeye, kwa mjomba, na nyanya akaambiwa ni maulidi. Jioni aliletewa sahani ya pilau. Alikula pilau ya hitima ya mwanawe, akaisifu, akauliza mpishi ni nani.

Kuhusu simu, aliambiwa kuwa mwajiri wa mama amemchukulia simu yake. Alikubali, na bado kila Ijumaa alivaa kanga yake akaketi karibu na meza ya simu. "Yuna kazi nyingi," alisema. "Kawia ufike." Nami nilimwitikia. Ningelia wapi? Kitanda kilikuwa cha wawili, choo tulitumia pamoja na wapangaji, na mtaani kila jicho lilikuwa juu yangu. Nilikonda. Nyanya akadhani ni masomo, akaniongezea tui katika wali.

Ndipo darasani tukafika kwenye tamthilia. Ilihusu mfalme aliyempeleka mwanawe vitani. Sisi wasomaji tunamwona kijana akiuawa mapema kabisa, huku malkia mamake, kurasa nyingi mbele, bado anampikia chakula akipendacho. Mwalimu wetu, mtu wa Vitengeni mwenye sauti ya kupenya ukuta, aligonga ubao kwa kiganja.

"Hadhira inajua, mhusika hajui! Hapo ndipo tanzia inapouma. Kufa ni kazi ya mara moja. Linalotesa ni kumtazama asiyejua."

Wenzangu wakainamia madawati. Wengi walikuwa wa mjini, mama zao walikuja hitimani. Mwalimu peke yake ndiye aliyekuwa hana habari, na katika darasa zima akanichagua mimi nisome sehemu ya malkia.

Nilipofika pale mjumbe anapoingia na habari, nilisoma ukelele wa malkia kama mtu anayesoma bei za duka. Mwalimu akanisimamisha.

"Nyinyi wa mji wa zamani mnalia kwa adabu mno. Kwetu mtu akifa, hata mbuzi wanajua. Hebu lia!"

Sisi tumefunzwa tangu utotoni kuwa chozi ni ruhusa lakini mayowe juu ya maiti ni haramu. Lakini hiki kilikuwa kitabu. Nikafungua kinywa. Sijui kilichotoka. Nakumbuka kwamba kwa mara ya kwanza tangu nitoke Muyeye nilivuta pumzi ikafika tumboni. Nilimlilia mama yangu kwa jina la mtoto wa mfalme, na hakuna wa kunikataza, kwa kuwa ilikuwa kazi ya darasa. "Vizuri kabisa!" alisema mwalimu, maskini, uso umemkunjuka kwa furaha. Msichana niliyekaa naye alikuwa amejifunika uso kwa mtandio.

Laiti ningeachia hapo. Lakini nilikuwa na kiu na kilio kile. Jumamosi, nikidhani nyanya bado yuko sokoni, nilisimama uani nikakisoma tena, kwa sauti yote. Nilipogeuka, alikuwa mlangoni na kikapu chake.

"Wamlilia nani?"

"Ni kitabu, nyanya. Mchezo wa shule."

"Mchezo! Mamako yuko safarini, nawe wapiga ukelele wa maiti uani kwangu? Huo ni uchuro, mwanangu. Kilio huita msiba. Astaghfirullah!"

Akafukiza ubani vyumba vyote. Kisha, yeye aliyekatazwa na daktari kukaa karibu na moto, akakanda unga akakaanga mahamri ya sadaka, ya kuondoa uchuro na kumwombea mama arejee salama. Akayapanga katika sinia, akayafunika kwa kawa, akanituma mtaani.

Nilipita mlango kwa mlango. Sadaka haikataliwi. Kila jirani alijua, na kila jirani alinyoosha mkono akachukua, nami nikasema nilivyoagizwa: "Ni sadaka ya mama, arudi salama." Wakajibu amin, macho yao kwenye sinia. Mke wa fundi cherehani, aliyesoma chuo cha Kurani na mama walipokuwa wadogo, alichukua hamri lake akashindwa kuitikia. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Hadi lini, mwanangu?"

Hapo nikauona mtaa mzima umeketi unatazama, na bibi kizee mmoja yuko jukwaani peke yake anakaanga mahamri. Nilimchukia mjomba. Nilimchukia daktari, nikaichukia na huruma yetu. Hata yule aliyeandika ile tamthilia, na alikuwa mkatili, hakumnyima malkia mjumbe. Kwetu watu wazima walikuwa tele, na kila mmoja alimngoja mwenzake. Nasomesha tanzia kwa sababu hiyo tu: nataka mmoja katika hao watazamaji achoke kutazama, ainuke.

Nilirudi na sinia tupu. Nyanya alikuwa ameketi kwenye kibao, jasho linamtoka.

"Wamesemaje?"

"Wamesema amin."

"Alhamdulillahi."

Nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mikono yenye unga. Nilijisogeza karibu ili akianguka nimdake. Nilijua kuwa huenda ninamuua.

"Nyanya, mama ametutoka. Tangu kabla ya Ramadhani. Wamemzika huko huko."

Hakuanguka. Alisema "Inna lillahi" polepole, hadi mwisho, midomo ikimcheza. Kwetu mwanamke akifa huoshwa na wanawake wa kwao, na nyanya kwa mikono yake alikuwa ameosha maiti wengi wa mtaa ule, tangu ujana wake.

"Ni nani aliyemuosha mwanangu?"

Sikujua. Mjomba alikuja mbio, naye hakujua, hakuwa ameuliza. Majirani walioleta majamvi hawakujua. Miezi yote ile tulijiona tunajua kila kitu. Nyanya alimuuliza kila aliyeingia kumpa mkono wa pole, akiwa amemkazia macho, na kila aliyeulizwa aliinamisha kichwa akaenda kukaa na wengine.