Midomo ya Maua ya Maharagi

Juzi, nyuma ya hema letu hapa kambini Bweremana, nyuki alitua kwenye mdomo wa chini wa ua la maharagi, nami nikafunika uso kwa mikono.

Nilikumbuka alasiri moja nikiwa mdogo, kule kwetu Kirolirwe kabla hatujakimbia, shamba likinuka udongo uliolowa mvua. Papa alikuwa amejificha msituni, upande wa juu wa shamba letu la maharagi, kwa sababu watu wenye silaha walikuwa wakikamata wanaume. "Usiambie muntu kwenye Papa iko," Mama alinionya. Nikakaa kulinda. Ndipo nikaona nyuki wakiingiza midomo yao kwenye midomo ya maua, wakivuma polepole, kisha wakiruka kuelekea barabarani. Sikujua kwamba walifuata utamu tu. Nilidhani wanaambiwa siri.

Nikachuma maua yote, shina kwa shina, mpaka vidole vikawa vya kijani.

Mama alipofika nilimwambia kwa fahari, "Mama, hakuna ua lenye litasema."

Alikaa chini kwenye matope. Hakunipiga. Aliokota ua moja, akajaribu kulirudisha kwenye shina lake.

"Papa yako akirudi," akasema, "tutamupa nini ya kukula?"