Injini ya Unga na Magogo ya Mvule

Tulipohamishiwa kijiji kipya, upande wa Natta, tuliahidiwa mashine ya kusaga, na ajabu ni kwamba ililetwa kweli. Injini ndogo ya dizeli, na mume wangu akafundishwa kuiendesha. Nilikuwa na mimba ya kwanza. Nikajiambia, huyu akiwa wa kike hatapiga magoti mbele ya jiwe la kusagia kama mimi na mama yangu. Jiwe letu nilitaka tuliache kwenye mahame. Mama mkwe akakataa, akalipakiza kwa punda. Nilimcheka waziwazi.

Kisha shule ikahitaji mbao za paa. Mwenyekiti wa kijiji akaamua injini ileile ifungwe msumeno asubuhi, jioni isage. Ikafungwa. Lakini mvule si mahindi. Msumeno ukigusa gogo, injini inakohoa na kuzima. Wiki nzima walipata vipande vya kuchemshia chai.

"Ongeza nguvu," mwenyekiti akamwambia mume wangu, kana kwamba nguvu zinauzwa dukani.

Mume wangu akatoa bomba la moshi, zikaongezeka kelele tu. Akaweka puli kubwa, lile gurudumu la mkanda. Msumeno ukakimbia vizuri ukiwa mtupu, ukikutana na gogo unasimama. Ikabaki gavana, kile kifaa kinachoizuia injini isikimbie kupita kiasi. Aliniambia tukiwa tunakula kwamba atakifunga kwa waya.

"Na unga wetu je?" nikamwuliza. "Si hiyohiyo ndiyo inatusagia?"

"Nikikataa wataniita mpinga maendeleo."

Miaka ile ukishaitwa hivyo umekwisha. Nilikasirika, nikamwachia sahani yake hapohapo.

Asubuhi nilikwenda kuangalia. Injini ililia mpaka mbwa wakakimbia. Gogo likaanza kupasuka, mbao safi kabisa, wanawake wenzangu wakapiga vigelegele, na mimi, Mungu anisamehe, nikapiga pia. Kwenye ubao wa tatu chuma kilivunjika ndani, kikatoboa ubavu wa injini, oili ikamwagika kwenye maranda. Mume wangu alibaki amesimama na koleo mkononi.

Musoma walisema spea hakuna, tusubiri. Tulisubiri mpaka kuku wakawa wanataga kwenye banda la mashine.

Mama mkwe hakunisema. Angenisema ningeona afadhali. Alifuta jiwe vumbi, akanisogezea, nikapiga magoti na tumbo langu lile.

Mtoto alikuwa wa kike. Alipofika umri wa kusoma, shule bado ilikuwa kuta tupu. Mvua ikinyesha, mwalimu anawarudisha watoto nyumbani. Siku hizo za mvua ndizo alizojifunzia kusaga. Sikumwita. Alikuja mwenyewe, akanigusa bega.

"Mama, sogea, umechoka," akasema, akapiga magoti pale nilipokuwa nimepiga mimi.