Wanyama wa Mexico na Herufi Yenye Kofia

Wiki hii wanapaka rangi korido ya bweni letu hapa chuoni, na harufu yake imenikosesha raha. Si kwamba ni mbaya. Ni harufu ile ile ya rangi na vanishi niliyoinusa nikiwa na miaka tisa, katika bustani moja ya hapa hapa Guangzhou, siku mama aliponipeleka kuwaona wanyama wa Mexico. Sijapata kumsimulia mtu kisa hiki ila mama yangu mdogo, kwa hiyo nivumilieni.

Mama alikuwa mtu wa Tanga. Kazi yake ilikuwa kuwapokea wanunuzi kutoka Dar, kuwazungusha Shahe kwenye maduka ya nguo za jumla, kisha kuwafungia mizigo yao. Kichina chake kilikuwa cha sokoni: bei, rangi, saizi, na neno "laoban", yaani bosi, alilomwita kila mtu kuanzia mwenye duka hadi mfagia barabara. Mimi nilisoma shule ya mtaani na watoto wa Kichina, kwa hiyo nilikuwa ndiye mdomo wake. Akitaka kugombana na mwenye nyumba, nagombana mimi. Kiburi kilinijaa hadi puani. Mahali pamoja tu hakunipeleka: hospitali. Huko alimchukua mwanafunzi mmoja wa kwetu akamtafsirie, nami nikanuna siku mbili, nikidhani ameona Kichina changu hakitoshi.

Niliyokuja kuyajua baadaye kwa mama mdogo nayasema mapema, msije mkapotea. Mama alikuwa na uvimbe tumboni. Daktari alitaka ampasue upesi, akamwambia kwamba matumaini yapo ingawa si makubwa, naye alitakiwa apeleke jibu Jumatatu. Mama aliogopa kisu kuliko kitu chochote. Jumapili yake, yeye ambaye hakujua kupumzika, akavaa baibui lake jipya akasema, "Twende tukatembee, mwanangu."

Wanyama wenyewe, sanamu za maonyesho, walikuwa wamesimamishwa nje, kwenye majani, chini ya miti yenye mizizi inayoning'inia, wengine wakubwa kuliko gari dogo. Jogoo mwenye mkia wa nyoka. Chura mwenye pembe. Simba wa zambarau mwenye mabawa ya kipepeo, ulimi nje, mwili mzima umejaa vitone vidogo vidogo vya manjano na kijani, kana kwamba aliyevitia hakuwa na kazi nyingine duniani. Mvua ya asubuhi ilikuwa imewalowesha, rangi zikawa zinang'aa hadi macho yanauma. Nilikimbia kutoka huyu hadi yule nikipiga kelele. Mama alinifuata taratibu, mkono mmoja ubavuni. Mfanyabiashara hajifichi: alimgonga simba kwa kidole asikie ameundwa kwa kitu gani, akachungulia chini ya bawa kama anayetafuta mshono, kisha akamgeukia mlinzi.

"Laoban, duoshao qian?" Bosi, bei gani?

Mlinzi akacheka akishika tumbo. "Bu mai, bu mai!" Hawauzwi.

"Mwambie nachukua kumi," mama akaniagiza, na sote watatu tukacheka. Sikumbuki kumwona akicheka vile tena.

Kando ya simba palikuwa na bango la maelezo. "Hebu nisomee," akasema. "Haya madude kayatoa wapi mtu?"

Nikasoma kwa madaha, kidole hewani. "Yanatoka Mexico, Mama. Kulikuwa na fundi mmoja, akaumwa sana, akalala hajitambui. Akaota msitu, na ndani ya msitu wakawemo wanyama hawa."

Mama hakuwa anawatazama wanyama tena. "Kisha? Akapona?"

Mstari wa mwisho ulinishinda. Palikuwa na neno la herufi mbili nisilolijua, lakini herufi ya kwanza ilikuwa imevaa alama niliyoijua, kama kofia. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba herufi nyingi za Kichina huvaa alama inayoonyesha ukoo wao, na hii ilikuwa alama ya ugonjwa: imo katika "maradhi", imo katika "maumivu", imo katika "kichaa". Mkiiona kofia hii, alituambia, jueni kuna mtu anaumwa. Ningeweza kusema sijui. Ila tangu lini mdomo wa mama ukasema sijui?

"Ugonjwa ukazidi," nikajibu. "Akafa."

"Sasa hawa wanyama kawatengeneza nani?"

"Wanawe."

Akanifuta jasho puani kwa ncha ya mtandio wake. "Haya," akasema. "Angalau aliacha watoto."

Kesho yake nilimsikia kwenye simu akimwambia mama mdogo, "Zuhura, kisu sikitaki. Narudi nyumbani na mtoto." Mimi nilidaka neno "nyumbani" tu. Nikarukaruka juu ya kitanda nikiimba kwamba tunakwenda Tanga, tunakwenda Tanga, na mama, simu ingali sikioni, akanipungia mkono kama anayeniongoza wimbo. Tukaenda. Mwaka haukuisha tukamzika.

Nimerudi Guangzhou kwa ufadhili wa masomo. Muhula wa kwanza, mwalimu wa lugha aliandika ubaoni neno la herufi mbili, lile lile la bangoni, nami nikalitambua kabla hajageuka. "Quanyu," akalisoma, akatueleza: kupona kabisa. Kupona nako, kwa maandishi ya Kichina, huvaa kofia ya ugonjwa. Yule fundi alipona. Aliamka akaishi miaka mingi akiwaunda wanyama wake kwa karatasi na gundi. Nilitoka darasani.

Mama mdogo huniambia nisijitese, kwamba dada yake alikuwa ameshakata shauri kabla hatujaingia bustanini, na kwamba hata kisu pengine kisingemsaidia. Huenda. Anasema hivyo kwa kunipenda, na siku zinavyokwenda imani yangu kwa maneno hayo inapungua. Najua mtoto wa miaka tisa hana hatia. Ningemsikia mwingine akijilaumu hivi, ningemwambia maneno hayo hayo. Lakini mama aliwaacha madaktari wote akaniuliza mimi, na mimi nikamjibu.