Pua ya Bi Mwiko

Ilikuwa wiki ya tatu sasa mpishi wa kituo cha watoto hasikii harufu yoyote. Mafua yalikuja, yakaondoka na pua yake, naye akapiga kimya. Kwa miaka kumi na minane walimu walimwita Bi Mwiko, na sifa yake yote ilikaa puani: alijua maziwa yaliyochacha kabla kifuniko hakijafunguliwa. Chupa za jikoni mwake hazikuwa na maandishi. "Lebo ni hii hapa," alikuwa akisema, akijigonga pua.

Siku hiyo alipika wali wa Kijapani aliofundishwa na mwalimu mkuu: mchele uliopikwa pamoja na karoti, njegere na uyoga, vyote vimekatwa vidogo kama kucha za mtoto, na sosi ya soya matone mawili badala ya chumvi. Karoti za wali huo hukaangwa kwa mafuta ya alizeti. Ya ufuta hunyunyizwa mwishoni kabisa, baada ya sahani ya Kibonge kupakuliwa. Kibonge alikuwa na miaka miwili, na ufuta ulimfunga koo. Mwaka jana kipande cha biskuti yenye ufuta kilimlaza hospitali siku nne.

Wali ulipoiva, wifi yake aliyemsaidia jikoni aliingia na tambara.

"Wifi, umeiona rafu inavyong'aa? Asubuhi nimeshusha kila kitu, nikasugua, nikarudisha."

"Chupa za mafuta umezirudisha vilevile?"

"Ai! Kwani zinagombania kiti?"

Bi Mwiko alichukua chupa aliyokaangia, akaisogeza puani. Hakuna kitu. Akachukua ya pili. Hakuna. Akaonja wali, ulimi ukamletea chumvi na joto, basi. Angemwomba wifi anuse, lakini wifi hakuwa na kifua. Kabla ya saa nane kituo kizima kingejua, na mpishi asiyenusa ni mpishi wa nini? Akajiambia kwamba mkono wake umechukua chupa ya kushoto, na ya kushoto ni alizeti, siku zote.

Akapakua sahani ya Kibonge. Mlezi akaja, akabeba trei.

Wifi alikwangua ukoko, akautia mdomoni. "Mh! Leo ufuta umeumwaga mpaka chunguni? Unanukia huo!"

Bi Mwiko alitoka mbio, kandambili moja ikabaki mlangoni. Kijiko cha Kibonge kilikuwa kinatoka mdomoni. Akamtia kidole mdomoni.

"Tema! Tema, baba, tema!"

Wali ukatoka, na kilio nyuma yake.

"Amemeza?"

"Sijui," mlezi alisema. "Sijui hicho kilikuwa cha kwanza au cha pili."

Mwalimu mkuu alifika na sindano ya dharura mkononi. "Pigeni simu hospitali! Bi Mwiko, ina maana hukusikia harufu?"

"Sisikii, mwalimu. Wiki ya tatu hii."

Mwalimu mkuu hakumtazama. Alikuwa amepiga magoti, vidole vyake vikipapasa shingo ya mtoto, ambaye kilio chake kilikuwa kinazidi kuwa chembamba.